Kaya Isiyodanganyika

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila sheria inasema anayelitaja au kuliandika lazima asimame wima, mikono ubavuni, mpaka pumzi itulie. Mimi magoti yananisumbua, na sasa hivi nimekaa kwenye kigoda na ungo wa choroko mapajani. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na msomaji anisamehe.

Ni nchi yenye huruma. Tukikosa kitu, tunapewa waziri wake. Tulipokosa maji tulipewa Waziri wa Maji, na maji yalipozidi tukapewa Waziri wa Ukavu. Wote wawili wana magari mazuri.

Wizara ya Kung'amua ilizaliwa kwa sababu ya sukari. Watu waliandikiana kwenye simu kwamba sukari imeisha madukani. Ilikuwa imeisha kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa uji wa chumvi. Lakini Serikali ilikuwa bado haijatangaza, na kwetu jambo linakuwa uongo mpaka litangazwe. Waliosema wakakamatwa. Wiki iliyofuata Serikali ikatangaza kwamba sukari imeisha, nao wakaendelea kukaa ndani kwa kosa la kusema kweli kabla haijaiva.

Nisiseme lakini kwamba hatukuhitaji kufundishwa. Tulihitaji, jamani. Simu zilipofika kijijini kwetu Mlimani tuliamini kila kilichowaka kwenye kioo. Kijiji kizima tulilala na vitunguu ndani ya soksi, kwa sababu daktari mmoja asiye na jina alisema vinavuta homa. Alfajiri msikiti ulinuka kachumbari. Ikaja picha ya samaki mwenye uso wa binadamu, tukaacha kula samaki msimu mzima, na wachuuzi wa samaki wakala mihogo mitupu. Halafu ikaja ile ya mwizi wa watoto. Mama mmoja muuza ndizi, mgeni wa soko letu, alivunjwa mkono kabla hajatokea hata mtu mmoja wa kuuliza mtoto aliyeibwa ni wa nani. Hakuwepo mtoto aliyeibwa.

Basi Wizara ikaleta mwalimu wa familia. Aliitwa Mwalimu Salhina, binti mwembamba aliyevaa raba na kubeba maji yake mwenyewe kwenye chupa. Alitukalisha kwenye ghala la pamba, akina mama, akina baba na watoto pamoja, maana alisema uongo huingia nyumbani kwa kupita mkononi mwa yeyote mwenye simu.

"Ukipokea habari," alisema, "usiisambaze kwanza. Pumua. Halafu uliza swali moja: aliyeona kwa macho yake ni nani?"

Ndilo somo lote. Tukalifanyia mazoezi kama watoto wa chekechea. Jirani akija kusema fulani kafumaniwa, unamuuliza, aliyeona ni nani? Umbea ulikaribia kufa Mlimani, na wengine tuliusikitikia.

Siku moja Bi Mchanaa akanyoosha mkono. "Mwalimu, Wizara imetangaza zahanati yetu ina dawa za kutosha. Aliyeziona ni nani?"

Ghala zima likacheka. Mwalimu Salhina naye akacheka, akajifunika uso kwa kitambaa cha ubao. Kicheko chake ndicho kilichoandikwa na bwana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma. Wiki iliyofuata tukaambiwa mwalimu amepandishwa cheo, amehamishiwa kisiwa ambacho hakijapatikana bado, na atakapokipata ataanza kazi.

*

Nafasi yake ikachukuliwa na Bwana Chanzi, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Kung'amua, Kanda ya Bonde. Alikuja na suti ya vipande vitatu na taulo begani la kujifutia jasho la suti hiyo.

"Wananchi watulivu," alianza, "mafunzo mliyopata yalikuwa na kasoro. Kuuliza kunachosha ubongo wa mwananchi. Wizara imeshauliza kwa niaba yenu, na imeridhika na majibu."

Tukapiga makofi, kwa kuwa waliokuja naye walikuwa wameanza.

"Habari ikikutisha, ni ya uongo, kwa sababu nchi hii haina cha kutisha. Habari ikikuharakisha, ni ya uongo, kwa sababu nchi hii haina haraka. Habari ikiletwa na mtu anayekupenda, hiyo ikimbie kabisa! Mwongo wa siku hizi anajua utamwamini nani. Na habari isiyo na muhuri wa Wizara?"

"Ni ya uongo!" tukaitikia.

Bwana mmoja kijana akauliza, "Mheshimiwa, nimetumiwa ujumbe kwamba mke wangu kajifungua kwao."

"Ulipoupata ulishtuka?"

"Kidogo, mheshimiwa."

"Basi hajajifungua."

Mtoto yule sasa anatambaa, na bado hajathibitishwa.

Familia iliyoshika somo vizuri ilipewa kibao cha bati cha rangi ya kijani, kimeandikwa KAYA ISIYODANGANYIKA, kikapigiliwa juu ya mlango. Wenye kibao waliuziwa sukari na mafuta kwenye duka la Wizara. Wakionekana wameshughulika na habari isiyo na muhuri, kibao kinang'olewa, na baba wa nyumba anapelekwa darasani. Ni darasa la kulala huko huko. Wanafunzi wake huwa wanalipenda sana, maana sijamwona aliyerudi.

Kibao cha kwanza katika kanda nzima kilikwenda kwa mwanangu.

*

Mwanangu ni Tunu, mmoja tu niliyejaliwa. Aliolewa Bondeni, kijiji kilicho chini ya bwawa, na Sudi, fundi cherehani, mtu wa heshima na mwenye hofu. Walikuwa na binti mmoja, Kidawa, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Tunu naye alikuwa na pengo mbele tangu utotoni, basi kila akicheka huweka mkono mdomoni. Mtoto akaiga, na ukiwakuta wanacheka pamoja ungedhani wanaficha kitu kimoja.

Sudi alifanywa katibu wa nyumba kumi. Jioni huwatoa watoto uani na kuwaimbisha.

"Inatisha?"

"Inatisha!"

"Ina muhuri?"

"Haina!"

"Basi?"

"Uongooo!"

Kidawa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nilimwonea fahari, sikatai.

*

Bwawa letu linaitwa Bwawa la Utulivu. Nyumba yangu iko karibu na ukuta wake, upande wa juu, na chini ya ukuta kuna majabali makavu ambapo tangu lijengwe huwa naanika nguo. Siku moja nilikwenda kuanua, nikazikuta zimelowa kuliko nilivyozianika. Maji yalikuwa yanatoka ukutani, mekundu ya udongo, na ukuta ulikuwa umetuna kama shavu la mwenye jino bovu. Vyura walishahamia.

Nikamwita askari wa bwawa. Alikuja amevaa buti za mpira.

"Baba, huoni ukuta unavuja?"

"Hauvuji, bibi. Ukuta huu una cheti."

"Na hizo buti?"

Akaziangalia kama kavalishwa na mtu mwingine. "Hizi ni sare," akasema, akaondoka akichapa maji.

Nikampigia Tunu pale pale.

"Shikamoo mama. Mbona unahema?"

"Marahaba, mwanangu. Niko bwawani. Ukuta unatoa maji."

Nikasikia kicheko chake, kile cha nyuma ya mkono. "Nani kakutumia hiyo?"

"Hakuna aliyenitumia. Nimeona. Nguo zangu zimelowa."

"Mama, nguo zikifuliwa si zinalowa?"

"Nilikuwa naanua, Tunu!"

"Haya, tulia. Tuifanye kama darasani. Inatisha?"

"Mwanangu..."

"Nijibu tu, mama yangu. Inatisha?"

"Inatisha."

"Unanitaka nifanye haraka?"

"Haraka sana. Mchukue mumeo na mtoto mje huku leo."

"Na unanipenda?"

"Nakupenda, Tunu."

"Basi umeona mwenyewe. Zimetimia zote! Hata Bwana Chanzi hajawahi kutuletea mfano uliokamilika hivi." Halafu akashusha sauti. "Mama, usituchurie. Kesho tuna Sherehe ya Utulivu."

Nikapiga picha ukuta, nikamtumia. Sudi ndiye aliyejibu, kwa adabu zote za mkwe, kwamba siku hizi hata mama mzazi anaweza kutengenezwa kwenye kompyuta, akaniombea afya njema.

*

Nikaona isiwe taabu, kama kinachotakiwa ni muhuri, niutafute. Ofisi ya Kung'amua iko nyuma ya soko. Nilimkuta binti wa kaunta anakula karanga, mpole, akaniletea na kiti.

"Bibi, habari ya janga hugongwa muhuri baada ya janga," akanieleza. "Na inaletwa na mhanga mwenyewe, akiwa hai, na mashahidi ambao hawakuwepo, ili wasije wakapendelea."

"Na kabla ya janga, mwanangu?"

"Kabla ya janga kuna janga gani, bibi? Ni maji tu yako nyuma ya ukuta."

Akanipa karanga za njiani. Nikashuka nazo Bondeni kwa miguu.

Sudi aliacha cherehani, akanipokea kwa magoti kama kawaida yake, akanitandikia mkeka kivulini. Nikamweleza. Akainamisha kichwa muda mrefu, na nikaona majirani wamesogea uzioni kusikiliza.

"Mama," akasema kwa sauti ya kufika uzioni, "nakuheshimu kama aliyenizaa. Lakini umekuja bila muhuri."

"Mimi ni mtu, Sudi. Watu hawagongwi muhuri."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Nikamfuata Tunu jikoni. Alikuwa anageuza samaki, na hakucheka tena. Akaniambia karibu na sikio, "Mke wa jirani yetu Mbaraka alikwenda kulala kwa dada yake kwa sababu ya tetesi za kipindupindu. Mumewe yuko darasani mpaka leo. Nikitoka sasa watu wameona umekuja, wanajua umesema nini. Acha sherehe ya kesho ipite. Nitakuja, mama. Wallahi nitakuja."

"Na ukuta?"

"Ukuta umekaa miaka yote hii. Hautanisubiri siku moja?"

Kwetu habari mbaya haisemwi ilivyo. Mtu akifa, anatumwa mtu mzima aende kwa jamaa aseme, "Mgonjwa kazidiwa kidogo, njooni mumwone." Anayeambiwa anaelewa, na bado anajifanya hakuelewa, ili miguu imfikishe. Ndivyo tulivyolelewa, kuifunika kweli kwa kitu laini. Basi nilisimama pale jikoni, moshi machoni, nikaweka mkono kifuani. Nikatabasamu, nisitishe. Nikasema polepole, nisiharakishe.

"Haya. Ila na mimi sijisikii vizuri, Tunu. Kifua hiki."

Mwiko ukamdondoka. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Kitu kidogo tu."

Maradhi ya vikongwe Wizara iliyaachia yapite bila muhuri, kwa kuwa hayakuonekana kuwa habari. Uongo wangu ulipita mlango ule wenye kibao bila kuulizwa chochote. Tunu akanikalisha, akanipepea na mfuniko wa sufuria, akamwita mtoto. Sudi mwenyewe akaruhusu, na majirani wakanipa pole.

"Kidawa, utakwenda na bibi. Umkande kifua kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, usicheze ukasahau. Mimi nakuja kesho sherehe ikiisha."

"Twende wote sasa hivi," nikamwambia. "Mgonjwa anamtaka mwanawe."

Alisita. Nilimwona anasita, akatazama kibao mlangoni, akamtazama Sudi. "Kesho, mama. Nitakuja na njaa, mniwekee chakula."

Akamfunga Kidawa kanga yake mwenyewe begani, ile ya zambarau, akamwambia asiiburuze. Mtoto akaiburuza njia nzima.

*

Sherehe ya Utulivu ilianza asubuhi, jua limekaa vizuri. Kutoka uani kwangu Bondeni yote inaonekana. Viti vya wananchi vilipangwa vikilipa bwawa mgongo, maana Wizara ilitaka kupiga picha ya watu wasiogeuka nyuma. Jukwaa la wageni rasmi liliwekwa peke yake juu ya kilima, ng'ambo ya pili, pamoja na magari. Niliambiwa ni kwa ajili ya upepo. Bwana Chanzi alihutubia kutoka huko, na sauti yake ikawafikia wananchi kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo.

"Wananchi watulivu! Adui anataka mgeuke. Msigeuke! Anayegeuka amedanganyika! Tazameni mbele, kuna kamera!"

Nilikuwa napepeta mchele. Kidawa alikuwa anatafuta kichwa cha mama yake kati ya vile vichwa vidogo vya mbali. "Yule, bibi! Yule wa kilemba cheupe!" Labda alikuwa yeye.

Mlio uliotoka ukutani ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila halikumaliza kumwaga. Nilimvuta mtoto, nikamfunika uso kwa ile kanga ya mama yake, nikamkumbatia, nikamwambia anishike kifua, kinaniuma sana. Hapo sikuwa nadanganya tena. Vipaza sauti, kwa kuwa vilikuwa juu, viliendelea kwa muda. Vilisema, "Tulieni." Kisha na vyenyewe vikanyamaza.

*

Jioni redio ikatangaza kwamba Kanda ya Bonde ni tulivu. Wananchi wa Bondeni walikuwa wamehama kwa hiari yao kwenda mahali ambapo Wizara itapataja. Picha ya sherehe ilitoka, ni nzuri, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Ilishinda tuzo.

Bwana Chanzi akaja Mlimani na taulo lake. Akatufafanulia kwamba kulia kwa sauti huku unataja jina ni kusambaza habari isiyo na muhuri. Ukilia bila kutaja jina, unaweza kuwa umeumwa jino, na hilo linaruhusiwa. Matanga hayakuruhusiwa, kwa kuwa hakukuwa na msiba. Basi wanawake wote wa Mlimani walikuja kwangu na nyungo, tukakaa chini, tukachambua choroko. Tulichambua choroko zile zile siku zote za matanga. Zilishakuwa safi tangu mwanzo, tukazichanganya tena na mawe, tukaanza upya. Bi Mchanaa alisema mara moja tu, bila kuinua kichwa, "Mwenzangu, hili jino linaniuma." Wote tukasema na letu linauma.

Nilirudi kwa binti wa kaunta. Alinikumbuka, akaleta kiti.

"Nimekuja kwa ajili ya muhuri," nikamwambia. "Janga limeshatokea."

"Pole, bibi. Mhanga ni wewe?"

"Ni mwanangu. Tunu, mke wa Sudi."

"Basi aje mwenyewe."

"Mwanangu, hawezi kuja."

Akanitazama, na karanga zikabaki mkononi. Nadhani alielewa. Alikuwa na macho ya mtu aliyeelewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Utaratibu ni aje mwenyewe, bibi," kisha akageukia ukuta akajifanya anatafuta kitu.

*

Kidawa alikuwa ananikanda kifua asubuhi na jioni, kama alivyoagizwa. Kila jioni, kabla hajala, alichukua sahani ya maua, akaniletea nipakue chakula cha mama yake, akakifunika kwa kawa. Asubuhi kuku walikula. Akiuliza mama anakuja lini, nilimwambia kesho. Ndivyo tulivyolelewa, nimeshasema.

Lakini kesho ile ilianza kunichoma. Nikamkumbuka Mwalimu Salhina na raba zake, huko kisiwani kwake. Nikaona haifai mtoto huyu akue na mimi bila kuambiwa jambo la kweli na mtu aliyeliona. Jioni moja, samaki wameshaiva, nikamkalisha mbele yangu, nikamshika mikono yote miwili.

"Kidawa, mjukuu wangu. Sikuwa naumwa siku ile. Nilikudanganya nikutoe kule. Maji yalikuja Bondeni. Mama yako hatakuja kesho, wala kesho kutwa. Mama na baba wamekufa na maji. Hii sikutumiwa na mtu. Niliona mwenyewe, kwa macho haya."

Hakulia. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyezoea kukosea.

"Bibi," akasema taratibu, "inatisha?"

"Inatisha, mama."

"Na wewe unanipenda?"

"Nakupenda sana."

"Ina muhuri?"

Nikazidi kuishika mikono yake.

"Bibi, ina muhuri?"

"Haina."

Uso wake ukafunguka wote. Akacheka, mkono mdomoni. "Basi uongo!" akasema. "Ungekosa kibao, bibi!" Akaruka, akaenda jikoni mbio, akarudi na sahani ya maua, akainyoosha mbele yangu.

Nikapakua. Nilimwekea kipande cha mkia, ndicho anachokipenda Tunu, na mchuzi kidogo pembeni usiloweshe wali. Kidawa akafunika kwa kawa.